Binti wa tufe, kamba ya kocha na ile digrii 45 ya kitabuni

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna binti wa fomu thrii, shule moja huku Malindi, anarusha tufe ya kilo 4. Alikuwa anapiga mita 10.6 kawaida tu, siku mbovu 10.4. Alafu bila kuumwa, bila kuacha mazoezi, akaanza kushuka, 10, 9.9, mara nyingine 9.8, na kila akijikaza zaidi ndo tufe inaanguka karibu zaidi. Kocha wake akaniita nikaangalie. Mimi nafundisha tuisheni ya fizikia mtaani, na aliniita mimi hasa kwa sababu lile agizo alilompa binti alilitoa kwenye kitabu cha fizikia, kwa hivo yeye aliona kama fizikia imemwangusha basi mtu wa fizikia aje ajibu mashtaka.

Agizo lenyewe mnalijua wote mliopita darasani, kwamba kitu kikirushwa kinaenda mbali zaidi kikiondoka kwa pembe ya digrii 45. Kocha alilisoma, akalipenda, akaenda akafunga kamba kati ya nguzo mbili mbele ya duara, mita 3.6 kutoka chini, akamwambia binti, "Mamangu, tufe ipite juu ya hii kamba, ikipita chini hatuhesabu." Na binti ni mtiifu, akafanya vile vile alivyoambiwa. Tufe ikawa inapanda vizuri, inapendeza hata kuangalia. Tepu tu ndo ilikuwa haifurahi.

Sasa kabla mtu hajaanza kumcheka kocha, yule mzee anajua tufe kuliko mimi, na alichosoma si uongo. Ni kweli ila kina masharti yake, na masharti ndo huwa yanapitwa mbio darasani kila mtu akikimbilia fomula. Kwanza kitu kiondoke na kitue kwenye usawa mmoja. Pili kasi ya kuondoka ibaki ile ile hata ukibadilisha pembe. Tatu hewa isiingilie. Kwa tufe hilo la hewa halina neno sana, lakini hayo mawili mengine yote yamevunjika, na la pili ndo lililomla huyu binti.

Pale kiwanjani kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Wengi walisema upepo. Ulikuwa msimu wa kusi, na kusi ya Malindi mnaijua, jioni inavuma mpaka mchanga unaingia mdomoni, na duara lao limeelekea kusini kwa hivo mrushaji anapigwa usoni. Hoja si mbaya, lakini ukiipigia hesabu inaisha. Tufe ya kilo 4 ina upana wa kama sentimita 10, ikienda mita 9 kwa sekunde hewa tulivu inaizuia kwa nguvu isiyofika hata nyutoni 0.2, na uzito wake mwenyewe ni nyutoni 39. Leta kusi kali, mita 8 kwa sekunde usoni kabisa, nguvu ya kuzuia inafika nyutoni 0.5 na kidogo, na mpaka tufe inatua imepoteza sentimita kumi hivi. Kumi ni kumi, kwenye mashindano inakunyima medali, lakini sisi tulikuwa tunatafuta sentimita sabini hivi. Tena kusi ilikuwa inavuma hata zile wiki alizokuwa anapiga 10.6.

Mwingine akasema tufe imebadilishwa. Tukaipeleka kwa mzani wa duka la jirani, kilo 4. Hilo likaisha hapo.

Bas, tukachukua video. Simu nyingi siku hizi zina slomo ya fremu 240 kwa sekunde, yaani kila fremu ni sehemu moja ya 240 ya sekunde, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi hii. Lakini simu nayo uipime kwanza, manake kuna simu zinadanganya, zinarekodi fremu chache alafu zinajaza zingine zenyewe. Njia rahisi ni kuangusha tufe kutoka mita 1.8 huku unarekodi. Kwa hesabu inafaa ianguke kwa sekunde 0.607, ambayo ni fremu 146. Ukihesabu ukapata 145 au 147 simu yako ni mkweli. Ukipata 120, tafuta simu ya mtu mwingine.

Simu tuliiweka pembeni ya njia ya tufe, mbali ya kutosha ili duara na mahali pa kutua vyote vionekane, imesimamishwa juu ya tofali isitikisike, alafu karibu na duara tukasimamisha mti wa mita 2 wenye alama ili tujue mkono uko juu kiasi gani wakati tufe inaachiwa. Kwa mirusho yote miwili, yaani mtindo wake wa zamani na huu wa kamba, tufe iliachiwa mita 1.8 kutoka chini, tofauti ilikuwa ndogo mno kuisoma kwenye video kwa hivo nimeichukua ni sawa.

Kuna programu ya bure inaitwa Tracker, unaiwekea video unabonyeza tufe kila fremu inakuchorea grafu na kila kitu, nzuri sana kama una kompyuta. Lakini mi nilitaka wale wanafunzi waone kwamba hata bila kompyuta, ukiwa na tepu na kuhesabu fremu tu, unapata kila kitu, pembe, kasi, mpaka kimo cha juu kabisa. Wengi hawaamini mpaka wafanye.

Tuanze na mrusho wa mtindo wake wa zamani, ambao tulimwomba arudie, kamba imeshushwa, arushe anavyojua yeye. Tepu ilisema 10.61. Lakini hiyo ni kutoka ubao wa mbele wa duara, na mkono unapoachia tufe unakuwa umeshapita ule ubao, kwenye video ulikuwa umepita kama sentimita 20. Kwa hivo tufe yenyewe hewani imesafiri mita 10.41 kwa mlalo. Hii sentimita 20 watu huisahau kila siku alafu wanashangaa hesabu haikubaliani na kiwanja. Fremu kutoka tufe inatoka vidoleni mpaka inagusa chini zilikuwa 332, gawa kwa 240, sekunde 1.383.

Sasa hapa ndo siri yote ya mambo ya kurusha iko. Mwendo wa mlalo na mwendo wa wima haujuani. Wa mlalo hauna kinachousukuma wala kinachouzuia, tukiiacha ile hewa kidogo, kwa hivo unaenda kwa kasi moja mwanzo mpaka mwisho. Wa wima unavutwa chini na dunia muda wote. Kinachowaunganisha ni saa tu, wote wanaanza pamoja na wanaisha pamoja.

Kwa hivo kasi ya mlalo ni umbali kugawa kwa muda, 10.41 kwa 1.383, unapata mita 7.53 kwa sekunde. Hakuna fomula ya kutisha hapo, ni hesabu ya matatu kutoka Malindi mpaka Watamu.

Kasi ya wima inataka utulivu kidogo. Chukua juu kuwa chanya. Tufe inaanzia mkononi na kuishia mita 1.8 chini ya mkono, kwa hivo uhamisho wa wima ni hasi 1.8. Hiyo alama ya hasi ndo inayomwaga damu ya wanafunzi kila mwaka, mtu anaandika chanya 1.8 alafu anapata tufe inatua kwenye mti wa mwembe. Uhamisho ni kasi ya wima mara muda, toa nusu ya g, yaani mvuto wa dunia, mara muda mara muda. Huku kwetu g ni 9.78 kwa hivo nusu yake ni 4.89. Ukipanga upya, kasi ya wima ni 4.89 mara 1.383 toa 1.8 gawa 1.383. Hiyo ni 6.763 toa 1.302, unabaki na mita 5.46 kwa sekunde.

Ukishakuwa na hizo mbili umemaliza. Tanjenti ya pembe ni 5.46 gawa 7.53, kalkuleta inakupa digrii 36. Kasi yenyewe, tumia Pythagoras, mita 9.3 kwa sekunde. Ukitaka kimo cha juu chukua kasi ya wima mara yenyewe gawa kwa 19.56, jumlisha 1.8, unapata mita 3.3 hivi.

Na kama una wasiwasi wa kuhesabu fremu, manake kweli ile fremu ya kuachia inabishaniwa, mmoja anasema tufe imetoka mwingine anasema bado, basi jaribu kukosea makusudi fremu mbili uone. Pembe inasogea kwa chini ya nusu digrii. Kwa kazi yetu ni salama.

Alafu mrusho wa kamba. Tepu 9.92, mkono umepita ubao kwa sentimita 12 tu, nyie shikeni hiyo 12 vichwani kwanza, kwa hivo hewani ni 9.80. Fremu 370, sekunde 1.542. Mlalo 6.36, wima 6.37, pembe digrii 45 ile ile kocha aliyoitaka, na kasi mita 9.0 kwa sekunde.

Kwa hivo binti alitii kabisa. Alipata 45 yake. Lakini kasi ikatoka 9.3 ikaenda 9.0.

Kocha akasema, "Mwalimu, hiyo 0.3 ni kitu gani, si ni kidogo? Akiongeza nguvu kidogo airudishe pale 9.3 na pembe ya 45 si tutapita ile 10.6?" Ni swali zuri sana, na jibu lake lilimshangaza hata yeye. Tuchukulie binti kwa miujiza ameweza 9.3 kwa digrii 45. Mlalo na wima zote ni 6.576. Tunatafuta muda, safari hii kwa ile hesabu ya kipeuo cha pili: 6.576 mara yenyewe ni 43.24, jumlisha 2 mara 9.78 mara 1.8 ambayo ni 35.21, jumla 78.45, kipeuo chake 8.857, jumlisha 6.576, gawa kwa 9.78, sekunde 1.578. Mara 6.576 tunapata mita 10.38.

Yaani 10.38 dhidi ya 10.41 ya digrii 36. Hata kwa kasi ile ile, 45 imeshindwa.

Hapo ndo lile sharti la kwanza linapoingia. Tufe haiondoki chini, inaondoka mita 1.8 juu, kwa hivo baada ya kurudi usawa wa mkono bado ina safari ya bure ya kushuka, na kwenye hiyo safari kinachokufaidi ni kasi ya mlalo, na kasi ya mlalo inakuwa kubwa ukirusha chini ya 45. Kuna fomula safi ya pembe bora ukiwa juu ya usawa wa kutua: tanjenti yake ni kasi gawa kwa kipeuo cha pili cha kasi mara kasi jumlisha 2gh, h ikiwa ule urefu wa kuachia. Kwa binti wetu ni 9.3 gawa kwa 11.03, pembe digrii 40, na umbali ungekuwa 10.49. Ukichukua ile fomula fupi ya darasani, kasi mara kasi gawa g, inakupa 8.84 tu, mita moja na nusu chini ya ukweli, na hiyo peke yake ingetosha kumwambia mtu kwamba fomula hii si ya tufe.

Lakini angalia kitu kingine kwenye hizo namba. Kwa kasi moja ya 9.3, digrii 36 inatoa 10.41, digrii 40 inatoa 10.49, digrii 45 inatoa 10.38. Tofauti yote kutoka bora mpaka mbaya ni sentimita 11! Pembe inabadilika digrii tisa na tufe karibu haijali. Sasa shika pembe ya 36 alafu ongeza kasi kutoka 9.3 hadi 9.8, nusu mita tu kwa sekunde. Umbali unaruka mpaka 11.37, karibu mita nzima. Ongeza urefu wa kuachia kwa sentimita kumi, unapata sentimita 9. Kwa hivo kati ya vitu vitatu anavyovishika mrushaji, kasi ndo tajiri, wengine ni watoto wa jirani. Ukitoa hata kidogo cha kasi ili ununue pembe umepigwa.

Na ndo kilichotokea. 10.41 ikawa 9.80, sentimita 61 zimeenda, na karibu 58 kati ya hizo zimeliwa na ile 0.3 ya kasi. Pembe yenyewe imechukua 3.

Kwa nini kasi ishuke lakini? Hapa fizikia ya kitabu inanyamaza kwa sababu kitabu kinafikiri tufe inatoka kwenye mzinga, na mzinga hauna mabega. Mtu ana mabega. Sababu ya kwanza ni kwamba unaposukuma tufe kuelekea juu sehemu ya nguvu yako inaliwa na uzito wa tufe na wa mkono wako, kadiri unavyoelekea juu ndivyo inavyoliwa zaidi. Ya pili, na mi naona hii ndo kubwa, mwili wa binadamu unasukuma mbele vizuri kuliko unavyosukuma juu. Muulize mtu yeyote wa jim, chuma anachosukuma akiwa amelala kwenye benchi na kile anachoinua juu ya kichwa amesimama, cha benchi kinakuwa kizito zaidi siku zote. Miguu, kiuno, kifua, vyote vimepangika vizuri zaidi kwa kusukuma mbele.

Huyu binti ukimwangalia kwenye video unaliona jambo lenyewe. Ili avuke kamba alikuwa anaegemea nyuma, kifua kinaangalia mawingu, mguu wa nyuma umebaki na uzito wote, kwa hivo ile kasi aliyoitoa nyuma ya duara kwa kuteleza inafia kiunoni, haifiki mkononi. Na kwa kuwa ameegemea nyuma mkono nao hauvuki ubao sana. Ndo ile sentimita 12 badala ya 20 niliyowaambia mshike. Sentimita 8 zimepotea kabla hata tufe haijaruka na hazitokei kwenye fomula yoyote ya kurusha.

Kuna mtafiti anaitwa Nicholas Linthorne alichapisha 2001 kazi juu ya pembe bora ya tufe na alionyesha jambo hili hili, kwamba kasi inashuka kadiri mrushaji anavyopandisha pembe, na ndo maana pembe bora ya mtu wa kweli iko chini ya ile ya hesabu tupu, tena kila mtu ana yake. Wale wakubwa kabisa wengi wanaachia kwenye thelathini na kitu. Rekodi ya dunia ya wanaume, mita 23.56 ya Ryan Crouser wa Marekani, 2023, ukiihesabu kinyumenyume unaona inataka kasi ya mita 14 na kitu kwa sekunde. Pembe yake haiwezi kuwa mbali sana na ya binti wetu. Kinachowatenganisha ni kasi, na huyo jamaa anaifanya na tufe ya kilo 7.26.

Nikataka kujua pembe ya huyu binti mwenyewe iko wapi. Tuna nukta mbili, 9.3 kwa digrii 36 na 9.0 kwa digrii 45, kwa hivo kila digrii moja inakula kama 0.033 ya kasi. Nukta mbili ni chache, najua, mtu makini angetaka angalau tano sita, lakini kwa kuanzia inasaidia. Ukishuka hadi digrii 34 kasi inakuwa 9.37 na umbali 10.44. Ukishuka hadi 32 inakuwa 9.43 na umbali 10.43. Yaani kuanzia 32 mpaka 36 ni uwanda, sentimita 3 tu juu chini. Binti alikuwa ameshakaa kwenye kilele chake mwenyewe bila kujua, mwili ulikuwa umejitafutia, alafu tukaja na kamba tukamtoa.

Nilipomwonyesha, swali lake la kwanza likawa, "Kwa hivo ticha nirushe chini?" Hapana. Nilimwambia asahau pembe kabisa, asukume mbele kwa nguvu zote, pembe itajipanga. Ukimwambia mtu arushe chini naye atashuka mpaka digrii 25 alafu tuanze kisa kingine.

Kocha hakutaka kuitupa kamba yake, na mi sikumlazimisha, kamba ni kifaa kizuri ikiwekwa pahali pake. Tukaihesabia. Kamba iko mita 3 mbele ya pale mkono unapoachia. Tufe ya digrii 45 kwa kasi 9.0 inafika hapo baada ya sekunde 0.471, na ikiwa mita 3.71 kutoka chini, ndo maana kamba ya 3.6 ilikuwa inavukwa kwa shida. Tufe ya digrii 34 kwa 9.37 inafika hapo baada ya sekunde 0.386 ikiwa mita 3.09. Toa sentimita 5 za nusu ya upana wa tufe yenyewe, inabaki 3.04. Kwa hivo kamba ishuke mpaka mita 3 kamili. Akivuka hiyo ametosha, akiivuka kwa nafasi kubwa amezidisha. Kocha akapenda sana, akaenda akaweka na kamba ya pili mita 3.35, tufe ipite katikati ya kamba mbili, wazo ambalo mimi sikulifikiria na ni zuri kuliko langu.

Baada ya hapo mazoezi yote yakahamia miguuni. Kuteleza haraka, mguu wa mbele kufunga ili mwili usimame ghafla na mkono upige, kiuno kizunguke kabla ya bega. Haya ni mambo ya kocha, mi nilikuwa nakaa pembeni nahesabu fremu. Akarudi 10.6 haraka tu, manake hakuna alichokuwa amepoteza, na sasa anagusa 10.8 kwa tepu. Kasi inasoma kama 9.4.

Kiwanjani maswali hayaishi. Mmoja akauliza mbona Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 kule Beijing 2015, tumpigie hesabu hii hii. Haifai. Mkuki unapaa, hewa inaubeba na kuuelekeza, na ile hewa tuliyoitupa kwenye tufe ndo inayoamua kwenye mkuki. Mwaka 1986 wakubwa wa riadha walisogeza mbele kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume ili pua ianguke mapema, baada ya Mjerumani Uwe Hohn kurusha 104.80 mwaka 1984 na viwanja vikawa vinakaribia kuisha. Mpira wa miguu nao usiuguse kwa hizi fomula ukipigwa kwa nguvu, kwa mita 25 kwa sekunde nguvu ya hewa inapita nusu ya uzito wa mpira wenyewe. Tufe, na kuruka chini kwa mtu, yaani ule mruko mrefu, hivyo ndo vinavyokubali.

Mwingine akauliza kwa nini nimeandika g ni 9.78 na mtihani unasema 10. Kwa mtihani andika 10, wamekwambia. Lakini ukitumia 10 kwa tufe ya binti unapata 10.22 badala ya 10.41, sentimita 19 zimeyeyuka kwa kalamu. Karibu na ikweta mvuto ni mdogo kidogo kwa sababu dunia inazunguka na imevimba katikati, Helsinki ni 9.82 na mrusho huu huu kule ungeanguka sentimita 3 au 4 nyuma. Ukaribu huo na ikweta, na kasi ya bure ya mzunguko wa dunia, ndo uliowaleta Waitaliano hapo Ngomeni na mitambo yao ya San Marco, na setilaiti inayoitwa Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Vijana hawakujua. Nusu yao kwao ni Ngomeni.

Sasa kuna mvulana wa tufe ya kilo 5 anataka naye apigiwe zake. Mkono wake unaachia mita 2.05 na kocha anadai huyo anarusha chini mno, pengine digrii 28. Video yake nimeshapewa, fremu bado sijazihesabu.